Ritani Zilizotundikwa Ukutani

"Fundi, mbona karatasi zako zinasema hazijatumwa?"

Jirani alikuwa amekuja kuazima mkasi tu. Alipanda kigoda kuutafuta juu ya kabati, macho yakakutana na ritani nne za kodi za Fundi, zile fomu za kutangaza mapato, moja kwa kila mwaka, zimevikwa plastiki ngumu kama picha za harusi.

Fundi alicheka. Yeye na cherehani yake walijuana kwa mapazia, zipu na suruali za kupunguza. Ya kompyuta yalikuwa ya mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Profesa kwa sababu ya kalamu tatu zisizotoka mfukoni. Kila mwaka Fundi alimkabidhi daftari lake la mapato na neno lake la siri la mtandao wa kodi. Profesa huyo anavaa koti, anakwenda duka la intaneti, anarudi na karatasi yenye plastiki, anaitundika juu kabisa, pasipofikiwa na macho ya mtu wa kimo cha kawaida. Kisha anaanza kuwahubiria majirani habari za faini za wanaochelewa. "Ujinga hauna dawa," husema, huku akipuliza chai ya watu.

Jirani alipoondoka, Fundi naye akapanda kigoda. Kweli tupu. Juu ya kila karatasi, kwa herufi nyekundu: HAIJATUMWA.

Hospitali ilikuwa imemchagua yeye kushona mashuka yake yote, kazi ya mwaka mzima, mradi apeleke cheti cha kodi kabla ya Ijumaa. Na hiyo ilikuwa Jumatano.

"Baba watoto," alimuuliza mumewe alipoingia, "hili neno jekundu ni la nini?"

"Hiyo ni lugha ya kompyuta. Wewe shughulika na vifungo."

"Ulibonyeza pa kutuma?"

"Nilibonyeza pa kuhifadhi. Kitu kikishahifadhiwa, kinakwenda wapi tena?"

"Si ungemuuliza mwenye duka?"

"Mimi? Nimuulize mtu aliyefeli hesabu?"

Debe tupu haliachi kuvuma, na hili lilikuwa limevaa koti. Fundi alimwomba Mungu amfunge yeye mdomo asije akatukana, akafungwa kweli, akalala bila kumwambia mumewe hata usiku mwema.

Alhamisi asubuhi walikuwa ofisi ya kodi. Mama wa dirishani alitazama kompyuta yake kwa muda.

"Mwenzangu, kodi yenyewe hudaiwi, kipato chako hakijafika huko. Ila miaka minne hatujapokea ritani yako hata moja, na kila mwaka una faini yake ya kuchelewa."

Profesa akajisogeza mbele. "Dada, ushahidi ninao." Akazitoa zile karatasi kwenye mfuko, akazipanga kama karata.

Mama wa dirishani alizigonga kwa ukucha. "Plastiki nzuri hii. Mtapepelea mkaa."

Foleni nzima ikacheka. Profesa akakumbuka ghafla kwamba kuna mtu anamsubiri mahali, akatoka mbio, kalamu moja ikamdondoka mlangoni. Hakurudi kuiokota.

"Zitume zote sasa hivi," mama wa dirishani alimwambia Fundi, akimgeuzia kompyuta. "Kisha andika ombi la kusamehewa faini, utaje na sababu. Cheti nitakupa leo, ombi likiwa linaangaliwa."

Fundi alibonyeza mara nne. Kutia uzi kwenye sindano kulikuwa kugumu zaidi. Miaka minne ya koti na mahubiri, kumbe kazi yenyewe ni ya kidole kimoja.

Akaiokota ile kalamu mlangoni, akaketi kwenye benchi, akaandika kwa mwandiko wa shule ya msingi, mkubwa, usioruka mstari:

"Naomba nisamehewe faini za kuchelewa za miaka minne. Sababu ni kwamba nilimwachia mume wangu, naye hajui na haulizi. Naomba pia neno langu la siri libadilishwe leo, nilijue mimi peke yangu."