Harufu ya Leonadi

Mzee Leonadi hakuwahi kunywa chai ameketi. Alizunguka nayo uani, kikombe mkononi, kama mtu anayesubiri kuitwa. Hata kanisani alisimama nyuma, karibu na mlango. Alizaliwa Ulyankulu, kwa wazazi waliokimbia Burundi, akazeekea kwenye ulinzi wa maghala ya tumbaku, yeye na mbwa.

Tulifahamiana Ipuli, kwenye kituo chetu cha mbwa waliookotwa. Mimi niliwatibu; yeye aliwafundisha kunusa bangi, kwa kuwa polisi walikubali kuwachukua watakaofaulu. Wasiofaulu hatukuwa na pa kuwaweka, na mbwa wa mitaani hupigwa risasi.

Mbwa tuliyemwita Mgeni tulimwokota njia ya Kwihara, mbavu nje, hatulii. Leonadi alimpenda kwa hilo hilo. Kila asubuhi aliificha pakiti ya bangi ya mafunzo tuliyopewa na polisi, na Mgeni akaipata kabla sijamaliza kufunga geti.

Siku ya mtihani pakiti ilifichwa na Afande Masolwa wa polisi, ndani ya gunia moja kati ya mengi. Mgeni akapita magunia yote, akaenda kuketi mbele ya Leonadi. Kuketi ndiyo ilikuwa ishara yake ya kwamba amepata.

“Mzee, umekamatwa,” Masolwa akasema. “Toa mzigo mwenyewe, tusisumbuane.”

Askari walicheka. Leonadi alinusa viganja vyake. Kumbe muda wote mbwa alifuata harufu ya mikono iliyoficha, si ya bangi.

Aliomba muda, akapewa hadi mwisho wa mwezi. Tangu hapo pakiti tuliificha sisi wengine kwa zamu: mimi, Siwema wa jikoni, hata muuza maji. Leonadi alibaki nje, akitembea kando ya ukuta, akiuliza kama Mgeni ameketi. Mgeni alilia getini, hakunusa kitu. Siwema akamwambia mzee aende mbali kabisa, maana mbwa alizisikia hatua zake. Leonadi akaenda kwa dada yake Ulyankulu, akawa anapiga simu.

Kwenye mtihani wa pili Mgeni aliketi mbele ya gunia la mpunga, na bangi ilikuwemo. Masolwa akampakia garini palepale, kwenda kukagua malori Igunga. Leonadi alipofika jioni alikuta mnyororo tu.

Mwezi uliofuata nilikuwa naenda Singida. Alinisindikiza stendi, akilizunguka basi. Alifariki kabla sijarudi. Siku hiyo pale stendi nilimuuliza kama nimsalimie Mgeni nikipita Igunga.

“Mpite tu, daktari. Usimwite jina. Atageuka kunitafuta, na mbwa anayegeuka kazini polisi watamrudisha.”