Yanang'aa, Dada

Kinyozi hajinyoi, na Mama Majani alikuwa ushahidi wa kutosha. Miaka kumi na moja alikuwa akisafisha mimea ya ndani kwenye ofisi za watu, ghorofa nne nzima, jani moja baada ya jingine, mpaka wafanyakazi wenzake wakambandika jina hilo. Lakini mmea wa nyumbani kwao, ule wa dada yake, ah! Ule ulikuwa aibu tupu.

Asubuhi hiyo alikuwa amepiga magoti sebuleni, beseni huku, chupa ya siki kule, jasho likimtoka. Dada yake alikuwa njiani kutoka hospitali ya macho. Mtoto wa jicho alishatolewa, bandeji zilishafunguliwa, na kwenye simu alikuwa amesema kwa furaha, "Mdogo wangu, nikifika, cha kwanza kukitazama ni mmea wangu."

Mungu wangu!

Maana kisa chenyewe kilikuwa hivi. Tangu macho ya dada yaingie ukungu, miaka miwili iliyopita, kila asubuhi aliuliza, "Majani yanang'aa?" Na kila asubuhi Mama Majani, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi, alijibu, "Yanang'aa, dada," huyo akatoka mbio kwenda kung'arisha ya wenzake. Yanang'aa wapi! Alikuwa akiyamwagia maji ya bomba harakaharaka, yanakauka na kuacha madoa meupe ya chumvi. Siku dada alipolipapasa jani na kulalamika kwamba linakwaruza, yeye, na ujuzi wake wote, akafanya jambo ambalo kazini angemgombeza mtu hadi alie: alichukua mafuta ya kupikia akayapaka majani yote. Dada akapapasa tena. "Laini kama shavu la mtoto," akasema, akatabasamu. Basi ikawa kila Jumamosi ni mafuta, juu ya mafuta vumbi, juu ya vumbi mafuta mengine.

Sasa alikuwa anakiona cha moto. Kwanza maji ya vuguvugu na tone la sabuni, kuutoa ule utando unaonata. Kiganja cha kushoto chini ya jani kulishikilia, mkono wa kulia ukifuta taratibu kuanzia kwenye kikonyo. Kisha siki kidogo kwenye maji mengi, kwa ajili ya madoa meupe. Kisha maji safi. Kazi hii haitaki haraka, naye alikuwa na haraka na hasira pamoja. Jani la kumi na tatu likamchanikia mkononi.

"Na wewe nawe!" akalifokea.

Akainuka, akachungulia dirishani, akarudi. Majani thelathini na moja. Kumi na mbili tu ndiyo safi. Auhamishie mmea uani? Aseme vumbi ni la wiki hii? Akainuka tena, akakaa tena. Njia ya mwongo ni fupi, alijua hilo, na alijua vilevile kinachomtisha. Si matusi. Akishajua nimemdanganya kwa hili, alijiuliza, ataniamini kwa lipi?

Honi ikalia nje. Jirani mwenye gari alimfikisha dada mlangoni, akaaga, akaondoka. Dada akavua miwani myeusi. Akautazama mmea, nusu kijani, nusu kahawia. Akaligusa jani moja chafu, akanusa kidole.

"Mafuta," akasema. "Tangu lini?"

"Miaka miwili, dada. Nisamehe. Nilikuwa nachelewa kazini, halafu nikaona unafurahi."

Mama Majani akajikaza kusubiri matusi, maana dada alikuwa na mdomo huyo! Matusi hayakuja. Dada alikaa kwenye kochi, mkoba mapajani.

"Na meseji za mwanangu?" akauliza. "Zile ulizokuwa unanisomea kila Jumapili. Kwamba yuko salama huko aliko, kazi anayo, ananikumbuka. Nazo je?"

Meseji zile zilikuwa za kweli, neno kwa neno. Hata salamu Mama Majani hakuwahi kuongeza.

"Ni za kweli, dada," akasema, na akaisikia sauti yake mwenyewe. Ilikuwa ileile ya kila asubuhi.

Dada alitoa simu kwenye mkoba, akaisogeza karibu na macho, akazirudisha meseji nyuma hadi ile ya kwanza kabisa, akaanza kusoma, midomo ikichezacheza. Mama Majani alisimama pale na kitambaa kikidondosha maji sakafuni, hajui akae au atoke. Zilikuwa meseji za miaka miwili, na dada alikuwa anasoma polepole.