Fundi Mota na Vikeki vya Muhogo

Kazi yake ilikuwa kufunga mota zilizoungua, na jina la Fundi Mota lilimkaa hata wateja wake wa miaka mingi hawakujua lile alilopewa na wazazi. Ukimpelekea feni iliyokufa au pampu iliyotoa moshi, aliifungua, akakata waya za shaba zilizogeuka nyeusi, akasuka mpya koili kwa koili, akazipaka vanishi na kuziacha zikauke juani. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa bati, kati ya duka la vioo na kinyozi. Wanaume waliofika na mota zao begani walimwuliza fundi yuko wapi. Aliwajibu kwamba fundi katoka, waiache mota hapo warudi kesho. Wakirudi walimkuta yeye yuleyule, na mota imeshapona.

Aliolewa akiwa mtu mzima. Mume alikuwa mpaka rangi wa majumba, mgane mwenye watoto wawili. Mkubwa alikuwa binti aliyekaribia kumaliza shule ya msingi, mrefu, mwenye maneno machache. Mdogo alikuwa bado anang'oka meno ya utoto. Huyo walimwita Kasuku, kwa sababu alichokisikia alikirudia, palepale au wiki ijayo, na mdomo wake haukuwa na pazia. Kasuku alimzoea mama wa kambo siku ileile alipogundua kwamba anatembea na sumaku mfukoni. Binti hakumzoea. Hakumtukana wala hakumnunia. Alimwamkia asubuhi, alimjibu alipoulizwa, na alimwita Fundi, kama wateja walivyomwita. Baba mtu alitaka kulikemea jambo hilo. Mkewe akamwambia aliache, maana fundi kweli ni fundi, mtoto hajasema uongo.

Mwaka wa pili wa ndoa ile binti akaanza kukonda. Tumbo lilijaa, miguu ikawa vijiti, na mara kwa mara alitapika kabla ya kwenda shule. Alipewa dawa za minyoo, kisha dawa za vidonda, kisha tena za minyoo. Mwishowe daktari mmoja alimpima damu, akamwingiza kamera ndogo mpaka ndani, akarudi na jibu kwamba ngano ndiyo iliyokuwa ikimla utumbo. Na kwa kuwa utumbo ulikuwa umechubuka vibaya, alitaka upumzishwe nafaka zote kwa muda: ngano, mahindi, mchele, mtama, zote. Nyingine zingerudi polepole. Ngano isingerudi tena maisha yake yote.

Nyumba ile ilikuwa ya mkate. Kila asubuhi palikuwa na mkate, siagi na chai, na haraka ya kutoka. Baba aliona suluhisho ni jepesi: binti apewe sahani yake, yai na kiazi, au yai na ndizi ya kuchemsha. Hivyo mezani watu watatu walikula vipande vya mkate na mmoja akala kiazi, na Kasuku akauliza kila siku kwa nini dada amenyimwa. Baada ya muda binti alianza kubeba sahani yake na kwenda kula kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma. Alisema anapenda upepo. Baba aliamini. Fundi hakuamini, kwa sababu upepo wa mlango ule ulipita kwanza juu ya jaa la jirani.

Alikata shauri kwamba Jumamosi, siku ambayo wote walikuwa nyumbani asubuhi, watu wa nyumba ile watakula kitu kimoja, na kitu hicho binti awe anaweza kukila. Karakana ilikuwa na oveni ya umeme iliyotelekezwa na mwenyewe. Aliibeba nyumbani kwa mkokoteni, akabadilisha koili iliyokatika na kile kidude kinachopima joto. Ilipona, isipokuwa upande wa kushoto uliwaka zaidi kuliko wa kulia, naye hakuweza kuurekebisha.

Kupika keki hakukuwa fani yake. Alichukua unga wa muhogo, akasaga karanga, akaponda ndizi zilizoiva mpaka ganda likawa jeusi, akavunja mayai. Dukani alionyeshwa hamira ya kopo, ile ya kuumulia keki. Alisoma ubavuni kwamba imechanganywa na wanga wa mahindi, akairudisha, akanunua magadi soda na limau moja. Vikeki vya kwanza vilitoka vigumu kama vipande vya sabuni. Mume alisema ni vizuri, akanywa maji bilauri mbili. Kasuku aliomba chake akakitumie kuchezea mpira. Binti alikula chake chote, palepale mezani, bila neno. Jumamosi iliyofuata Fundi aliongeza maziwa, na vikatoka vikavu nje na ujiuji ndani. Maji yalikuwa yamezidi unga, na safari hii haikuwa methali.

Lakini binti alikaa mezani siku hiyo pia. Fundi aliliona hilo, akalitia moyoni.

Ndipo alipokuja wifi yake. Alikuwa dada mkubwa wa mumewe, mshonaji wa mapazia, mwanamke mwenye mikono mizuri kwa kila kitu cha jikoni. Yeye ndiye aliyewalea watoto tangu mama yao alipofariki mpaka siku ya harusi, na siku hiyo alikabidhi funguo za nyumba kama askari anayekabidhi bunduki. Alifika Ijumaa jioni na zawadi za mgeni: sukari, sabuni, na pakiti ya ngano. Fundi alizishukuru zote. Ile ngano aliiweka juu ya kabati, mbali na vyombo vyake. Alimweleza wifi yake habari ya utumbo, na wifi alitikisa kichwa kwa huruma, akasema magonjwa ya siku hizi yana mambo.

Asubuhi yake Fundi alikoroga mchanganyiko wake, na kabla hajaumimina kwenye vibati vya kuokea, mtu alibisha hodi getini. Alikuwa mteja. Pampu aliyofungiwa mwezi uliopita ilikuwa ikinguruma bila kutoa maji, na wapangaji wake wamepanga ndoo uani. Fundi alisimama naye getini akimweleza jinsi ya kutoa hewa kwenye bomba. Mteja hakuelewa, ikabidi kurudia. Aliporudi jikoni alikuta mchanganyiko umekuwa mzito kidogo. Alijua muhogo hunywa maji ukiachwa, kwa hiyo hakushangaa.

Vikeki vya siku hiyo viliumuka. Vilipanda juu ya vibati vikawa na vichwa vya mviringo, rangi ya asali, na hata vile vya upande wa kushoto havikuungua sana. Mume alikula bila maji. Kasuku alikula bila kuzungumza, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Binti alikula kimoja, akala cha pili, akaugusa mkono wa Fundi apishe kidogo, akachukua cha tatu. Fundi alimwambia mumewe, kwa sauti ya mtu anayejaribu kutojisifu, kwamba ile oveni sasa imekubali.

Kabla ya adhuhuri binti alikuwa amejikunja kitandani. Alitapika vyote, kisha akatapika maji matupu, na tumbo likavimba likawa gumu. Alikuwa amepona kwa miezi, na sasa ilikuwa kama siku za mwanzo. Baba alisimama mlangoni mwa chumba akimtazama mwanawe. Kisha aliongea, huku uso wake ameuelekeza ukutani.

"Kuanzia leo chakula chake nitapika mwenyewe."

Hakulisema kwa ukali. Fundi angependa kama lingesemwa kwa ukali, kwa sababu ukali hupita. Shangazi aliendelea kukamua kitambaa kwenye beseni.

Fundi alirudi jikoni. Kwa muda aliamini kwamba kosa ni lake: labda bakuli halikuoshwa vizuri, labda karanga zilisagwa mahali palipopita ngano. Alikagua kimoja kimoja, kama anavyokagua mota iliyoungua, kuanzia nje kwenda ndani. Mwisho akachukua kikeki kilichobaki, akakipasua. Muhogo ukipasuliwa hukatika na kumeguka. Hiki kilivutika. Alikivuta tena polepole, akaona vinyuzi. Akaenda kwenye kabati, akaishusha ile pakiti ya zawadi. Ilikuwa imefunguliwa, na mdomo wake umekunjwa kwa uangalifu.

Alimkuta wifi yake sebuleni na mpaka rangi. Kasuku alikuwa chini ya meza, anaokota misumari kwa sumaku.

"Wifi," Fundi alisema, "kuna kitu uliongeza kwenye bakuli langu?"

Shangazi alijibu kwamba yeye si mtu wa kutia mkono kwenye bakuli la mwenzake, na kwamba alilelewa vizuri.

"Kikombe kimoja hakiui mtu," alisema Kasuku chini ya meza, kwa sauti ya shangazi yake hasa. "Usimwambie Fundi."

Hakuna aliyemkemea. Sura ya shangazi ilishuka. Kisha akasema mambo yake, akimwambia kaka yake na si mke wa kaka yake. Alisema mtoto yule alimlea yeye, na kwa mkate huohuo, wala hakufa. Alisema alihadithiwa na Kasuku jinsi dada anavyotafuna vile vitu kila Jumamosi kama anayetafuna mswaki, na alishindwa kuvumilia. Alidhani daktari anatia chumvi, kama wanavyofanya. Alitaka mtoto ale kitu kitamu siku moja. Aliposema hivyo alilia kidogo, akajifuta kwa ncha ya khanga, na kesho yake aliondoka kabla ya chai. Mpaka rangi alimsindikiza mpaka barabarani, akarudi, akakaa uani muda mrefu akisafisha brashi ambazo tayari zilikuwa safi.

Binti alilala siku mbili. Siku ya pili mchana Fundi alimletea maji yenye chumvi na sukari, akakaa pembeni mwa kitanda amshikie kikombe. Binti alikunywa, akarudisha kichwa kwenye mto.

"Nilijua," alisema.

"Ulijua nini?"

"Kwamba ni ngano. Nilijua nilipong'ata tu. Nikala hivyohivyo."

Fundi alikitazama kikombe.

"Ilikuwa tamu?"

"Tamu sana."

"Mimi nikadhani ni oveni yangu."

Binti alicheka. Kicheko kilimuumiza, akashika tumbo, na kikaendelea kumtoka. Kilipoisha alisema lile lililokuwa likimkereketa kweli: alimsikia baba yake akisema maneno yale mlangoni, akajua si haki, akanyamaza. Hakusema kwa nini alinyamaza, na Fundi hakumwuliza. Angeweza kumwambia kwamba si kitu. Lakini kilikuwa kitu, na yeye hakuwa na desturi ya kufunika waya uliokatika.

"Mota haisemi," alimwambia, "ndiyo maana naipima. Wewe una mdomo. Siku nyingine useme."

Binti alisema sawa.

Aliporudiwa na nguvu aliingia jikoni Jumamosi bila kuitwa. Alikuwa amekulia miguuni mwa shangazi yake akimtazama akipika keki, na alikumbuka kwamba ute wa yai hutengwa na kiini, ukachapwa peke yake mpaka usimame kama povu, ndipo uingizwe. Fundi alijaribu kwa uma, mkono ukachoka. Basi akaenda karakana, akarudi na mota ya feni ndogo, akaifungia waya wa kuchapia mayai. Walipoiwasha mara ya kwanza ute wote ulihamia ukutani. Mume aliukuta umekauka, akachukua brashi akapaka rangi upya bila kuuliza. Baada ya hapo Fundi alipunguza mwendo wa mota, na vikeki vikawa vinatoka vyepesi, vimebonyea kidogo juu, vyenye ladha ya ndizi zaidi ya kitu kingine. Havikuwa kama vile vya siku ile. Binti alisema hivyo waziwazi, akala viwili. Mkate uliendelea kuliwa siku za kazi, ila Jumamosi haukuonekana mezani. Na kila Jumamosi mpaka rangi alisimama kwenye karo akasugua vibati mpaka pembe za chini kabisa. Hakuwahi kumwomba mkewe radhi kwa maneno, na mkewe hakuzisubiri. Aliviona vibati vinavyong'aa, akaelewa.

Shangazi hakukanyaga pale kwa miezi mingi. Alituma salamu, zikarudishiwa salamu. Kisha asubuhi moja ya Jumamosi akasikika akibisha hodi getini, ingawa geti lilikuwa wazi. Alikuwa amebeba bakuli lenye mfuniko. Ndani yake mlikuwa na vikeki alivyopika mwenyewe, vya muhogo, vizito na vya kijivu, na kimoja kilipoangukia sahani kililia ko. Binti alikishika, lakini kwanza alimtazama.

"Shangazi, umeweka nini?"

Shangazi alitaja kila kilichomo, polepole, mpaka chumvi, na alipokuwa akitaja alimtazama Fundi. Kwamba bakuli ni jipya, nalo alilisema. Binti aling'ata. Alitafuna kwa muda mrefu, akasema kinahitaji chai. Kasuku alisema hiki ndicho hasa cha kuchezea mpira, na safari hii alikemewa na watu watatu kwa pamoja.

Fundi alimmiminia wifi yake chai, akamwuliza kama ute aliuchapa peke yake. Shangazi alisema keki za ngano alizipika hivyo maisha yake yote, lakini kwa muhogo aliogopa, akavichanganya vyote kwa mara moja. Akauliza ile ngurumo aliyoisikia getini ilikuwa ya nini. Fundi akainuka akampeleka jikoni kumwonyesha ile mota ya kuchapia mayai, na wengine mezani wakaendelea kula.