Jina la Mpiga Picha kwenye Kifua cha Mke wa Mtu

Miaka ile ya vita nilikuwa kwenye studio moja ya picha hapa mjini Baraka, nikingoja zamu yangu, mama mmoja akaja kuchukua picha yake. Mumewe alikuwa amekimbilia kambi ya wakimbizi, ng'ambo ya ziwa, naye alitaka kumtumia. Akaitazama, kisha akaweka kidole katikati, palipopigwa muhuri, akamuuliza mpiga picha:

"Papa, hii jina yako iko inafanya nini kwa kifua yangu?"

"Benzangu banaiba picha zangu, mama. Banasema ni kazi yao."

"Na bwana yangu akiona jina ya mwanaume pale, atasema nini?"

Mpiga picha akajikuna kichwa. Akasema atamtolea nyingine bila muhuri, aweke saini ndogo tu, chini kwenye kona.

"Chini ni miguu yangu. Atasema ulinipigia magoti!"

Sote tulicheka, yeye hakucheka. Hakuwa amemwona mumewe tangu vita vianze, na picha hiyo ndiyo ingefika kule badala yake. Mwishowe mpiga picha akatoa nyingine isiyo na muhuri, akasaini nyuma yake. Mama akanipa nimsomee, kisha akamrudishia mpiga picha.

"Ongeza: mi nilipiga picha tu."

Akaongeza. Picha ikavuka ziwa na wafanyabiashara.

Mimi naunga mkono kila fundi anayelinda kazi yake. Ila nilipokutana na mama huyo sokoni baadaye, nikamuuliza mumewe alijibu nini. Akashusha pumzi.

"Anauliza, huyu mpiga picha anajitetea ya nini?"