Treni ya Kinywa

Kwanza ieleweke kwamba Sifa Hamadi hakwenda pale kujifunza sanaa. Alikwenda kutengenezesha redio.

Anayecheka haijui Kamina. Mji huu ulizaliwa na reli, na neno atelier hapa lina maana moja tu: banda kubwa ambamo mafundi wenye grisi hadi viwikoni huamsha injini zilizozimika. Kitu kikiharibika kinapelekwa atelier, basi. Kwa hiyo Cyprien Kazadi, kijana wa parokia aliyerudi kutoka Lubumbashi na ndevu mpya na mawazo mapya, alipobandika kwenye ukuta wa soko tangazo lake la ATELIER YA SAUTI NA MWILI, WOTE KARIBU, watu walimwelewa vizuri kabisa. Walimwelewa vibaya kwa pamoja.

Siku ya kufungua, Cyprien alisimama mlangoni mwa ghala tupu la mahindi karibu na stesheni akingoja wasanii. Akaletewa kengele ya baiskeli isiyolia. Mzee Banza, aliyepakia magunia maisha yake yote, alikuja na mgongo wake, maana tangazo lilitaja mwili. Léa Kabwe, mkulima wa upande wa barabara ya Kaniama, alileta jogoo aliyeacha kuwika tangu wanajeshi walipopiga risasi hewani karibu na banda lake. Mwishoni akaja Sifa, kitambaa kichwani, redio kifuani, na mdomo wake ambao haukuwahi kuwa na breki.

"Mwalimu, redio yangu haitoke sauti. Utaitengeneza leo ao kesho?"

"Mama, hapa hatutengenezake redio. Tunatafuta sauti yenye iko ndani ya muntu."

"Na ile ya ndani ya redio nani ataitafuta?"

Cyprien akampisha aingie, redio na yote.

Sifa, Mama Nuru kwa jina la mwanawe, alikuwa mwanamke wa biashara, wa zile familia za Kiislamu zilizofika kutoka Maniema zamani zikifuata njia za wachuuzi na kusahau kurudi. Sokoni aliuza chumvi, sabuni na vitenge, na zaidi ya hivyo aligawa bure vichekesho vyake. Tangu utotoni aliweza kumwiga mtu yeyote. Shehe alikuwa akikohoa kabla ya hotuba. Sifa akikohoa sokoni, wanaume walikuwa wanavua viatu. Aliyemwiga kuliko wote alikuwa mume wake, Assumani Omari, mfanyabiashara mwenye moyo mwema na manung'uniko yasiyoisha. Assumani alilalamikia jua, akalalamikia mvua, na kila siku mezani aliweka tonge mdomoni, akatafuna, akasema, "Chumvi iko mingi." Ila hakuwahi kumaliza lalamiko hata moja ndani ya nyumba yake. Akianza tu, Sifa anamkata kauli na kulimalizia yeye kwa sauti ileile, na wageni wanacheka hadi chai inawatoka puani.

Mwaka wa tisini na nane, muda mfupi kabla ya vita kuanza tena, Assumani alipanda treni ya kwenda Kabalo na marobota ya vitenge. Dirishani alilalamika kwamba kiti ni kigumu, kisha akasema, "Nitarudi na treni ya kwanza." Vita vikaja, njia ya kaskazini ikakatika, waasi upande ule, serikali upande huu. Treni zilizobaki zikachukua wanajeshi, halafu nazo zikanyamaza. Kamina bila treni ni nyumba ambayo saa yake imesimama. Sifa alikaa na redio sikioni akitafuta jina la Kabalo katika habari, hadi redio yenyewe nayo ikakauka.

Ndiyo maana aliikumbatia vile siku ile ghalani.

"Lala chini kidogo," Cyprien alimwambia, "funga macho, halafu utuambie unasikia nini."

"Minyi, muke ya muntu, nilale chini mbele ya banaume?"

Wakamtandikia mkeka wake peke yake, nyuma ya magunia. Akalala kwa hasira, redio juu ya tumbo. Wengine, hata mzee Banza na mgongo wake, walikuwa wamelala wakivumisha midomo kama nyuki, kwa sababu Cyprien alisema kila sauti kubwa huanzia hapo. Baada ya kitambo aliwauliza wamesikia nini. Mmoja akasema upepo. Mwingine akasema hakuna kitu.

Sifa akafungua kinywa. Akatoa bawaba ya mlango ikilalamika. Akatoa kuku akikwaruza, mama akipepeta unga nyuma ya ukuta, tumbo la Banza likiuliza chakula, na mwishowe mwalimu mwenyewe akimeza mate kwa woga. Ghala zima likaangua kicheko. Cyprien alisahau ndevu zake na mawazo yake akabaki kinywa wazi.

Kesho yake Sifa alirudi. Alibeba tena redio ili asije akaonekana amekuja bure, na kwa wiki nyingi aliibeba hivyohivyo, kwenda na kurudi, na mtu akimuuliza anajibu kwamba fundi bado anaiangalia. Wenye vitu vibovu nao walibaki. Waliimba ndani ya mabeseni, waliburuta minyororo juu ya mabati, walitembea kinyumenyume wakipumua pamoja hadi jirani mmoja akaenda kumuuliza padri kama hiyo ni dini. Hata jogoo wa Léa alianza kuwika, ingawa kwa saa zisizoeleweka.

Siku moja Cyprien alitoa zoezi jipya. "Leo kila muntu alete sauti ya mwenye haiko hapa."

Banza alileta ya marehemu mama yake akiita watoto, na Léa akafuta machozi. Kila mtu akageuka kumtazama Sifa, kwa hamu, maana walijua ataleta nani. Sifa akasimama, akashika kiuno, akavuta midomo chini.

"Chumvi iko mingi."

Hakuna aliyecheka. Maneno yalikuwa ya Assumani, lakini sauti ilikuwa ya Sifa. Akajaribu tena, chini zaidi. Ikatoka ya shehe. Akajaribu puani, akajaribu kooni, na ndani yake palikuwa patupu. Yeye aliyehifadhi hadi kikohozi cha kila mlinzi wa soko, sauti ya mume wake ilikuwa imempotea, na hakujua ilipotea lini.

Alitoka bila kuaga na kwa mara ya kwanza akasahau redio. Nyumbani alilia waziwazi, uso kwenye mto. Aliogopa. Aliona kwamba mtu ambaye sauti yake imekufa kichwani mwa mke wake huenda amekufa na huko aliko, na kwamba kosa ni lake, kwa kuwa miaka yote ile alimkata kauli na hakumsikiliza hata siku moja hadi mwisho.

Aliporudi ghalani macho yalikuwa yamevimba, lakini ubishi ulikuwa mahali pake.

"Mwalimu, ule bwana siwezi kumufanya. Basi tufanye ile yenye itamuleta. Tufanye treni."

Wakaifanya. Banza na wanaume walipiga miguu na makopo ya mchanga, wakapata magurudumu yanavyogonga pale reli zinapoungana. Léa alivuta pumzi kati ya meno akawa breki. Sifa alichukua bomba la bati lililoanguka kutoka paa fulani, akatia mdomo, akawa honi. Wiki nzima aliwatesa. Breki ndefu mno. Magurudumu yana haraka. Treni ya Kamina inafika imechoka, alisema, siyo inacheza harusi. Kisha alasiri moja ya joto wakafungua milango yote miwili ya ghala, wakaanza mbali na polepole, wakaja, wakaja, na Sifa akapiga honi kwa roho yake yote.

Kamina ikatoka mbio. Wanawake waliacha sufuria motoni. Watu waliokuwa wamefunga mizigo tangu mwaka uliopita waliibeba kichwani. Wachuuzi wa karanga walifika kwanza, na nyuma yao komanda wa kikosi cha mji, sabuni ya kunyolea kwenye shavu moja, mbio, kwa sababu mke wake mdogo alikuwa Lubumbashi na mke wake mkubwa alikuwa palepale Kamina. Umati ulisimama ukitazama reli tupu zenye majani. Ndipo honi ikalia tena, nyuma ya migongo yao, kutoka ghala la mahindi.

Wengi walicheka, ila walicheka baadaye. Kuna mama mmoja aliyekaa chini juu ya kifurushi chake akakataa kuondoka, na Sifa alipomwona aliona aibu kali kuliko matusi yote aliyotukanwa siku ile. Komanda yeye hakucheka kabisa.

"Kuanzia leo," alitangaza, povu likimkauka shavuni, "treni ya kinywa ni marufuku! Nikisikia tena honi moja, huyu mwalimu yenu minamutuma ku fronti. Ataimbia risasi."

Hivyo Kamina ikawa labda mji pekee ambamo treni hazipo na zimekatazwa. Atelier ikarudi kuiga mvua, vyura na cherehani. Lakini jina lilibaki. Mtu akidanganya sokoni aliambiwa, "Hiyo ni treni ya Sifa."

Miezi ikapita. Asubuhi moja Sifa alikuwa akipima chumvi aliposikia, kutoka upande wa Bukama, magurudumu. Halafu honi.

Soko zima likaangua kicheko. "Mama Nuru! Banafunzi bako beko mu kazi!"

Sifa alimwaga chumvi. Akilini alimwona Cyprien na ndevu zake kwenye lori la wanajeshi, akatoka mguu niponye kuelekea ghala, na njia nzima, kwa hofu na kwa hasira, hakuacha kusahihisha.

"Honi gani hii inapasuka hivi? Nani alibapatia bomba langu? Na breki, sikia breki! Ndio Léa ule! Nilimuambia asivute, anavuta! Magurudumu yenyewe hata haifanane na treni!"

Aliingia ghalani sambamba na wanajeshi wawili waliotumwa na komanda. Cyprien, Léa na Banza walikuwa wamekaa kwenye mkeka wakila viazi vitamu.

"Fungeni vinywa!" alifoka mwanajeshi wa kwanza.

"Tumefunga," alisema Cyprien, kiazi shavuni.

Honi ikalia. Mwanajeshi akaruka akamziba Cyprien mdomo kwa kiganja. Honi ikalia tena, ndefu, karibu. Mwanajeshi akaondoa kiganja, akakitazama.

"Vidye!" Léa alimwita Mungu kwa Kiluba, kisha akasema polepole kwa lugha ya wote, "Mama Sifa, minyi niko hapa. Ile breki haiko minyi."

Sifa akageuza sikio kuelekea stesheni. Akashika mlango. Halafu akakimbia tena, na safari hii hakusahihisha kitu.

Stesheni hapakuwa na mtu. Hakuna mchuuzi wa karanga, hakuna ndugu, wala komanda, aliyekuwa nyumbani akijipongeza kwa kuzima uasi. Treni ilisimama na mabehewa machache yenye vumbi. Wasafiri wachache waliteremka wakitazamana, kama watu waliokosea mji. Mbele ya behewa la mwisho, juu ya kiroba kimoja, alikaa mwanamume aliyekonda, ndevu zimeingia mvi. Alikuwa ametoka Kabalo kwa baiskeli na kwa miguu, akizunguka vita kwa njia za porini hadi Bukama, na huko akangoja treni ya kwanza. Aliondoka kwa kaskazini, akarudi kwa kusini. Alipomwona Sifa hakusimama.

"Mu hii muji bantu bote balikufa?" alianza. "Honi inalia, breki inalia, hakuna hata muntu mumoja! Tangu Kabondo-Dianda minajisemea: batakuja, batapiga vigelegele. Hata mbuzi haikuya! Minyi niliacha hapa bibi, niliacha soko muzima..."

Akanyamaza. Ni mazoea; alikuwa amefika pale ambapo Sifa humkata. Akangoja amkate.

Sifa alikuwa analia, mikono mdomoni. Ilikuwa ni sauti hiyohiyo. Inapanda mwanzoni, inakwaruza katikati, inashuka kwa huzuni kubwa kwenye jambo dogo kabisa. Angewezaje kuisahau?

"Endelea," alisema.

"Niendelee na nini?"

"Na ile ulikuwa unasema, baba Nuru. Maliza yote."

Assumani alimtazama kwa shaka, kisha akainuka na kiroba chake akaendelea. Alilalamikia viatu, samaki wa Bukama, mbu, walionyang'anya vitenge vyake, tairi, jua la njiani, na honi ya treni hii ambayo, alisema, inapasuka. Wakapita katikati ya soko hivyo, Assumani anasema na Sifa hajibu, na watu wakasimama juu ya vibanda kuona. Kwamba treni imefika walikuja kuamini jioni. Kwamba Sifa Hamadi amenyamaza, hilo waliliona kwa macho yao.

Nyumbani alimpikia bukari, ugali wa kwao, na mboga za matembele. Alimwekea mbele, akakaa, akashika kidevu. Assumani akanawa, akamega tonge, akatafuna, akakunja uso.

"Chumvi iko mingi."

Ilikuwa nyingi kweli. Sifa alikuwa ametia konzi nzima.

"Sema tena," alimwambia.