Mtani wa Yero

Kila kiangazi, uwele ukishavunwa, Yero Kah alishusha ng'ombe wake kutoka malisho ya kaskazini hadi shambani kwa Latiri Faye. Ng'ombe walilala kwenye mabua na samadi yao ikarutubisha udongo. Yero naye akapata maji ya kisima na kibanda cha kulala mpaka mvua zirudi. Baba zao waliishi hivyo hivyo. Na kwa kuwa Yero ni Mfulani na Latiri ni Mserere, walikuwa watani; hawakujua kusalimiana bila matusi.

"Mtumwa wangu huyo anakuja!" Latiri alikuwa akipiga kelele tangu mbali. "Ficheni vyungu, mlafi kafika!"

"Nimekuja kukagua mali yangu," Yero alikuwa akimjibu. "Wewe na hilo shamba."

Kwao kaskazini, Yero alikuwa mgane asiye na maneno mengi, watu wakimdhania mkali. Kucheka, alichekea huku kusini.

Mwaka mmoja alikuta shamba limezungushiwa uzio wa waya. Ndani yake kulikuwa na matikiti maji na mipira ya kumwagilia, mistari hadi macho yanapoishia. Mlinzi akamwambia halmashauri imeikodisha ardhi kwa kampuni, wenyewe wamehamia mjini. Kisima nacho kilikuwa ndani. Ng'ombe walisimama pale wakilia kwa kiu, wakikataa kuondoka, hadi akawaswaga kwa fimbo.

Aliwaacha kwa mfugaji mwenzake, akaenda mjini. Latiri alikuwa kwa mkwewe, ameketi kwenye kiti cha plastiki ukumbini.

"Kumbe umetoroka, we mtumwa!" Yero alifoka mlangoni. "Nani kakuruhusu?"

Latiri aliinuka, akampa mikono yote miwili. "Karibu, Mzee Yero. Habari za safari? Watu wa nyumbani hawajambo?"

Yero aliketi kando yake. Chakula kilipoletwa, Latiri alimsogezea samaki wote upande wake. Yero alimaliza mmoja, akachukua wa pili, akangoja kuitwa mlafi. 

"Mbona hunitukani?"

"Nikutukane nikiwa na nini, Yero?" Latiri aliinamia bakuli. "Hata pa kukulaza sina. Unisamehe."

Kiangazi hicho Yero alichunga kandokando ya barabara, akifukuzwa huku na kule. Ng'ombe wengi walikufa kabla ya mvua. Baadaye alihamia kwenye kisima cha serikali, kati ya wafugaji waliotoka nchi nyingine. Walikuwa watu wema, lakini si watani. Walimpa nafasi nzuri ya kujenga, wakamwamkia kwa heshima, wakamwacha na shughuli zake.

Mara mbili alituma salamu mjini kupitia wachuuzi wa mifugo. Mara ya kwanza zilirudi salamu za adabu. Mara ya pili hazikurudi, na wachuuzi hawakujua kwa nini. Yero alikamua ng'ombe waliosalia, akanywa maziwa yake, akalala mapema.