Tuktuk ya stima imenishinda, na mimi ni fundi wa stima

Wakuu, salamu kutoka Kitale. Kitu nawaambia iko kwa yadi yangu saa hii. Mwenye anabisha akuje aione.

Mimi shule nilitoka mapema. Stima nilisomea kwa mikono, Webuye, nikilala chini ya malori. Nimefunga waya za stata na altaneta mpaka nikajenga nyumba ya mawe na watoto wakasoma. Hakuna mtu alinishika mkono.

Watu wanadhani gari ni petroli. Petroli ni chakula tu. Mwenye kuiamsha ni stima, taa ni stima, hata honi.

Na kabla nguzo zifike huku kwetu, betri ya gari ndiyo ilikuwa stima ya nyumba. Watu walipanga laini kwangu niwachajie ndio wasikize redio na kuona mpira. Kijiji mzima ilikuwa inapata mwangaza kwa hii mikono. Najisifu, ndio.

Sasa. Marehemu ndugu yangu aliacha bibi, Nafula, kule Mabanga. Kwetu shemeji kama huyo tunaitana naye mulamwa. Yeye hukusanya maziwa ya majirani na kupelekea hoteli za Bungoma mjini. Hiyo ndiyo inalisha watoto wake.

Alikuwa na tuktuk ya petroli. Kampuni fulani ikakuja na za stima, ati unachaji tu nyumbani kama simu. Akanipigia, anaogopa.

Nikamwambia, "Mulamwa, nunua. Stima ni stima. Ikikataa, lete kwangu."

Akauza ya petroli, akachukua hiyo. Na ilikuwa tamu, bana. Kimya, haina moshi, mlima inapanda na mitungi imejaa.

Mpaka asubuhi moja ikakataa. Skrini ikaandika "locked", yaani imefungwa, basi.

Kukimbia ofisi yao Bungoma, siku hizi pale wanauza viatu. Simu ya aliyemuuzia ni mteja hapatikani kila saa. Akaipakia kwa lori ya canter, akaniletea Kitale, amekaa nyuma nayo ameishikilia kama mgonjwa.

Nikafungua. Betri nikaweka mita, iko na chaji. Mota mzima. Waya zote nzuri.

Lakini katikati kuna kasanduku kamefungwa na gundi ngumu kama jiwe. Ndani kuna computer inangoja ruhusa ya mtandao kutoka kwa kampuni, watu ambao hawako tena. Nikaita mtu wa computer wa hapa mjini. Akaangalia, akatingisha kichwa, akaenda zake.

Nafula akaniuliza pole pole, "Mulamwa, si ni stima tu? Na wewe si ni mtu wa stima?"

Nikachukua mita, nikapima tena betri ile ile. Tangu nianze hii kazi gari haijawahi nishinda hivi.

Wakuu, gari ikiharibika mimi naweza. Hii haijaharibika. Hii imekatazwa. Hiyo ndiyo inanimaliza. Nitaanzia wapi kutengeneza kitu mzima?

Na maziwa haingoji. Hoteli zikapata mtu mwingine. Majirani nao wakapelekea huyo mwingine.

Mwezi uliopita Nafula alirudi. Hakuitisha nitengeneze. Aliomba tu ekseli ya nyuma na magurudumu, aende kuunda mkokoteni wa punda.

Nilimfungulia mwenyewe, nati moja moja. Kilichobaki kimelala hapa kwa tumbo, na kuku wameanza kutaga kwa kiti.

Nilichojifunza ni hiki. Kabla ununue gari ya stima, wacha kuuliza inaenda mbali kiasi gani. Uliza ufunguo iko kwa nani, na huyo mtu akifunga duka wewe utaamka na nini. Sisi mafundi wa zamani pia msituulize sana. Tulijua stima ile ya kutii mkono.

Kama kuna mwenye amewahi kufungua hako kasanduku, aandike hapa chini, kwa lugha ya kawaida. Wa kunicheka pia aandike, nitasoma. Mmechelewa, punda ameshanunuliwa. Mimi nataka tu kujua.